Ning'oe Mingapi, Nitazame Hadi Wapi? Tarikh ya Hesabu, Chuma na Maradhi ya Mimea hadi Kabezi

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa likiwa mkono wake wa kuume na milima ikiwa mkono wa kushoto, hupita kwanza Mugere, penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliofika hapo Novemba 1871, na baada ya mwendo usiokuwa mrefu huingia Kabezi, nchi ya wavuvi wa ndagala, ambao wenzetu wa Kigoma huwaita dagaa, na ya wakulima wa migomba, mihogo na michikichi. Mvuvi hutoka usiku na taa zake akarudi alfajiri; mkulima hutoka alfajiri na jembe lake akarudi jioni; na wote wawili hula katika sinia moja, ugali wa muhogo kwa sombe iliyotiwa mawese.

Sasa mfikirie mkulima huyo asubuhi moja akiukuta mgomba mmoja umedumaa, majani yake mapya ni mafupi, membamba, yamesimama wima na kubanana kileleni, wala haukuonyesha dalili ya kuzaa. Ugonjwa anaujua kwa sura, na dawa ya kuuponya mgomba ule hana, kwa kuwa haipo. Maswali yaliyombakia ni mawili tu, nayo yote mawili ni ya hesabu: ning'oe migomba mingapi, na nitazame hadi masafa gani? Makala haya ni tarikh ya jinsi wanadamu walivyoyatafutia maswali hayo majibu kwa namba, na jinsi njia ya majibu hayo ilivyopita mahali ambapo asiyekuwa mwanachuoni hapatazamii: katika mahakama za mirathi, hospitali za malaria, na tanuri za mafundi wa chuma.

Asili ya jambo hili haiko mbali na lugha yetu. Neno hesabu tumelirithi kwa Kiarabu, na elimu ya aljebra ilipata jina lake kutokana na kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, aliyekiandika yapata mwaka 820. Al-jabr maana yake ni kukirudisha kilichovunjika mahali pake, kama aungavyo mganga mfupa. Na mwandishi mwenyewe alieleza kwamba ameiweka elimu hiyo kwa haja za watu katika mirathi, wasia, biashara na upimaji wa ardhi. Kwa hiyo tangu mwanzo mlinganyo haukuwa pambo la wateule. Ulikuwa chombo cha kumtafuta asiyejulikana kwa kuwategemea wanaojulikana, na haki ya yatima ilipimwa kwacho.

Chombo hicho kilikaa karne nyingi kabla ya kutumiwa juu ya maradhi. Mwaka 1897, Ronald Ross, tabibu wa jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, alithibitisha katika mji wa Secunderabad kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mwili wa mbu, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Walakini watu walimpinga kwa hoja iliyoonekana nzito: mbu hawahesabiki, nani awezaye kuwamaliza? Ross alijibu kwa hisabati, akaonyesha katika maandishi yake ya mwaka 1911 kwamba si lazima kuwamaliza. Yatosha kuwapunguza hadi kiwango fulani, na chini ya kiwango hicho malaria itapungua yenyewe mpaka itoweke, ijapokuwa mbu kadha wa kadha wangali wakiruka. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kizingiti, ambalo ndilo shina la makala haya.

Mwaka 1927 wazo hilo lilivishwa vazi lake kamili na watu wawili wa Edinburgh: McKendrick, tabibu aliyewahi kufuatana na Ross huko Sierra Leone, na Kermack, mkemia aliyepofushwa na mlipuko wa maabara mwaka 1924 na tangu hapo akafanya hesabu zake kwa akili na kumbukumbu. Waliwagawa watu mafungu matatu, wazima, wagonjwa na waliokwisha kuondoka katika ugonjwa, wakathibitisha kwamba kila kitu hutegemea swali moja: mgonjwa mmoja, kabla hajapona au hajafa, huambukiza wangapi? Wakiwa watatu, basi watatu huzaa 9, na 9 huzaa 27, na 27 huzaa 81. Akiwa pungufu ya mmoja, moto huzimika kwa kukosa kuni.

Mwaka huo huo wa 1927, katika Ziwa Tanganyika, ilirudi kazini meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina jingine, ikasafirishwa vipande vipande katika masanduku hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. Naitaja meli hii kwa kuwa chuma, kama hicho ilichoundwa nacho, kina sehemu yake katika hadithi yetu, nasi tutakirudia baada ya kupanda milima ya Usambara.

Katika milima hiyo, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 chuo cha utafiti wa kilimo mahali paitwapo Amani, na Waingereza wakakirithi. Ugonjwa wa batobato la mihogo, ule unaoyatia majani madoa ya manjano na kuyakunja hata muhogo ukakosa nguvu ya kunenepesha mizizi, ulikuwa umekwisha kuandikwa katika nchi hiyo na Mjerumani Warburg mwaka 1894. Hapo Amani, H. H. Storey na mwenzake Nichols walichapisha mwaka 1938 uchunguzi wao, wakieleza kwamba ugonjwa huu ni wa virusi na kwamba una milango miwili ya kuingilia: nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya jani, na kipando tunachokikata kwa mkono wetu na kukichomeka ardhini. Walizalisha mihogo mipya kwa kuuchanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara, na kizazi cha mbegu hizo kilisafiri hadi Nigeria, kikazalishwa tena, na katika miaka ya 1990 kikaenezwa Uganda kwa namba ya TMS 30572 kuwaokoa wakulima. Lakini Storey hakuandika mlinganyo wa msambao. Alifanya kazi inayoutangulia mlinganyo, nayo ni kuhesabu: mimea mingapi, siku ngapi, nzi wangapi.

Aliyeleta mlinganyo shambani ni Van der Plank, mtu wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya maradhi ya mimea. Yeye alitumia mfano ambao kila mfanyabiashara wa pwani angeufahamu bila kufundishwa. Kuna maradhi, alisema, yanayokua kama fedha yenye riba ya kawaida, kwa kuwa chanzo kimo udongoni na mmea mgonjwa hauambukizi mwenziwe msimu ule. Na kuna maradhi yanayokua kama riba juu ya riba, kwa kuwa kila mgonjwa mpya huwa ni rasilimali inayozaa wagonjwa wengine. Deni la namna ya kwanza hupunguzwa kwa kupunguza rasilimali. La namna ya pili halipunguziki hivyo, kwani ukiondoa nusu ya wagonjwa ukaenda kulala, baada ya muda si mrefu watakuwa kama mwanzo. Hilo hulipiwa kwa kuikata riba yenyewe, yaani kasi ya kuzaliana. Batobato na maradhi mengi ya migomba ni ya aina hii ya pili.

Na sasa turudi kwenye chuma. Mwaka 1822 Joseph Fourier, aliyekuwa katibu wa chuo cha maarifa mjini Cairo zama za Bonaparte, alichapisha Paris kitabu cha mlinganyo unaoeleza jinsi joto linavyoenea katika kipande cha chuma. Mwaka 1855 Adolf Fick alionyesha kwamba mlinganyo huo huo waeleza jinsi chumvi inavyoenea katika maji, na mwaka 1896 Mwingereza Roberts-Austen alipima dhahabu ikipenya ndani ya risasi, akathibitisha kwamba hata madini magumu hutii sheria hiyo. Kwa sheria hiyo fundi wa chuma cha pua hujua aache kipande chake motoni kwa muda gani ili kaboni iingie kina anachokitaka. Na sheria yasema kwamba ukitaka kina maradufu, lazima ungoje muda mara nne. Wahandisi wa leo huligawa bawa la ndege, daraja au ubavu wa meli katika vipande vidogo vidogo na kuviacha vikokotoo vitatue milinganyo ya vyote kwa pamoja, njia iliyoenea baada ya mwaka 1956, na kwa njia hiyo hutambua penye udhaifu kabla chuma hakijapasuka.

Tusidhani ya kwamba jambo la kaboni kuingia katika chuma ni la ugenini kwetu. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 juu ya tanuri za kale za Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, wakieleza kwamba zaidi ya miaka 1,500 iliyopita mafundi wa huko walifua chuma chenye kaboni katika joto kali kwa ustadi wa hali ya juu. Nchi hiyo ya chuma ndiyo pia nchi ya migomba. Mababu wale hawakuandika mlinganyo, lakini walipima kwa macho, kwa rangi ya moto na kwa idadi ya mivukuto, na kipimo chao kilikuwa sahihi, maana chuma kilitoka.

Mwaka 1951 J. G. Skellam, Mwingereza, aliuchukua mlinganyo huo wa joto na kaboni akautumia juu ya viumbe vinavyotawanyika huku vikizaliana, kama Fisher alivyofanya juu ya jeni mwaka 1937. Hapo ilionekana tofauti moja adhimu. Kaboni haizai kaboni, kwa hiyo kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyochelewa. Lakini kinachoenea na huku kinazaa hakichelewi: hujenga ukingo mbele yake kama wimbi, na wimbi hilo husonga kwa mwendo ule ule mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka.

Burhani ya maneno hayo tumeiona kwa macho yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Luwero, Uganda, lilizuka batobato kali lisilo na mfano, na mwaka 1997 ilithibitika kuwa chanzo chake ni virusi vipya vilivyozaliwa na mchanganyiko wa virusi viwili vya zamani. Wachunguzi waliokuwa wakitembea mashambani walikadiria kwamba ukingo wa maradhi ulikwenda kiasi cha kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Chukua ramani, ewe msomaji, upime toka Luwero hadi kaskazini ya Burundi: ni takriban kilomita 450. Zigawe kwa 30, ambao ndio mwendo wa juu, utapata miaka 15. Na ukiijumlisha hiyo na mwaka 1988, maradhi yalipozuka Luwero, utapata 2003, nao ndio mwaka ambao virusi hivyo vilitambuliwa katika nchi ya Burundi. Wimbi lilikuwa likija kwa mwendo unaohesabika. Aliyekuwa na kalamu angeweza kuukadiria wakati wa kuwasili kwake, na aliyekuwa na mbegu imara angeweza kuzipanda kabla halijafika.

Mwaka huo wa 1997 pia, Holt, Jeger na Thresh wa Uingereza pamoja na Otim-Nape wa Uganda walichapisha kielelezo cha kihisabati, ambacho wengine hukiita modeli, cha batobato. Waliligawa shamba mafungu manne: mihogo mizima, mihogo migonjwa, nzi wasiobeba virusi, na nzi wanaobeba. Kila fungu hulisha au hupunguza jingine, na mtafiti aweza kujaribu juu ya karatasi yale ambayo shambani yangemgharimu misimu kumi na njaa ya watu: itakuwaje tukiharakisha kung'oa, itakuwaje nzi wakiongezeka maradufu? Ndiye Ross yule yule wa mbu, amevaa kanzu ya mkulima.

Tukifika kwenye migomba, tumefika nyumbani. Ugonjwa wa majani kubanana kileleni, ule tuliouona asubuhi katika shamba la Kabezi, ulijulikana Fiji tangu mwaka 1889, na katika miaka ya 1920 uliangamiza sehemu kubwa ya migomba ya mashariki ya Australia, hata mtafiti Magee akabaini kwamba mbebaji ni kidukari mweusi wa migomba, na serikali ikatunga sheria ya kung'oa kila mgomba mgonjwa. Katika bonde la Rusizi, juu kidogo ya Bujumbura, ulithibitishwa katika miaka ya 1980. Utafiti wa ISABU, chuo cha kilimo cha Burundi kilichoanzishwa mwaka 1962, na wa washirika wake wa Rwanda na Kongo, umeonyesha kwamba nyanda za chini na zenye joto ndizo zinazoumia zaidi. Nasi tuliopo ukingoni mwa ziwa, yapata mita 770 juu ya bahari, ni watu wa nyanda hizo.

Huko Australia, mtafiti R. N. Allen alikusanya mwishoni mwa miaka ya 1970 kumbukumbu za migomba iliyoambukizwa, akapima masafa toka mgonjwa wa zamani hadi mgonjwa mpya. Aligundua kwamba kidukari si msafiri wa mbali: karibu theluthi mbili za maambukizi mapya hutokea ndani ya mita 20 toka kwa mgonjwa aliyetangulia, na asilimia 99 hutokea ndani ya mita 86. Hilo ndilo jibu la swali la pili la mkulima wetu. Mita 20 ni hatua thelathini hivi za mtu mzima. Hizo azipitie mgomba kwa mgomba, jani kwa jani, na kurudia kila baada ya wiki chache, kwa kuwa mmea ulioambukizwa hukaa siku nyingi kabla ya kuonyesha dalili. Mita 86 ni shamba lake na la jirani yake; kwa hiyo jirani lazima ajulishwe. Na ugonjwa ukionekana mbali kuliko hapo, basi aghalabu haukuletwa na kidukari. Umeletwa na chipukizi lililobebwa begani.

Ndugu wa maradhi hayo ni mnyauko wa bakteria, uliotambuliwa Ethiopia mwaka 1968, ukaingia Uganda mwaka 2001 na Burundi mwaka 2010, wenye kuivisha ndizi kabla ya wakati na kutoa usaha wa manjano katika shina lililokatwa. Juu ya huo, wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Makerere walifanya kazi inayostahili kujulikana Kabezi. Betty Nannyonga na Livingstone Luboobi, ambaye alikuwa Makamu Mkuu wa chuo hicho toka 2004 hadi 2009, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2015 kielelezo cha ugonjwa huo, wakakitatua kwa njia ya kukokotoa hatua kwa hatua iliyoasisiwa na Wajerumani Runge na Kutta kati ya 1895 na 1901, njia ile ile ambayo mhandisi huitumia kufuata mtikisiko wa daraja. Hukumu yao iliuelekea mkono wa mwanadamu: panga lisilosafishwa, litokalo shina gonjwa na kuingia shina zima, ndilo linalouchochea moto.

Hata hivyo kielelezo si uaguzi, wala namba haijitoshelezi. Waganda walipoagizwa kung'oa kichaka kizima cha migomba kila penye shina moja lenye mnyauko, wengi hawakuweza; kazi ni nzito, hasa kwa wajane na wazee, na chakula cha mwaka hutoweka kwa siku moja. Baadaye utafiti wa mashamba, mashariki ya Kongo na kwingineko, ulionyesha kwamba bakteria hawafiki katika kila chipukizi la kichaka, na kwamba kulikata shina gonjwa peke yake, karibu na ardhi na kwa panga lililopitishwa motoni, tena bila kukosa wiki, kunatosha kuushusha ugonjwa chini ya kizingiti. Kwa ugonjwa wa majani kubanana, uletwao na kidukari, haiwi hivyo. Kwa huo kichaka kizima huondolewa, kwa maana virusi huingia hadi katika machipukizi. Basi swali la kwanza, ning'oe mingapi, lina majibu mawili, na anayeyachanganya hupoteza migomba yake bure.

Na majibu yote haya yametoka wapi? Yametoka kwa watu waliotembea. Katika ukaguzi wa mihogo wa nchi zetu, mkaguzi hupita shamba kwa mshazari, akatazama mimea 30, akaupa kila mmoja alama toka 1 hadi 5. Kielelezo kilichotolewa na watafiti wa Cambridge mwaka 2023 juu ya ugonjwa wa michirizi kahawia ya mihogo kimejengwa juu ya daftari za ukaguzi wa namna hiyo zilizoandikwa Uganda. Kikokotoo kikubwa kisipopewa hesabu ya shamba ni kinu kisichotiwa nafaka: kitasaga, lakini hakitatoa unga.

Kwa hiyo namwomba msomaji wangu wa Kabezi, Magara na Rumonge asiione hesabu kuwa mali ya wageni. Nawaomba walimu wa shule zetu wawatoe watoto darasani siku moja kwa mwezi wakahesabu migomba ya kijiji, mizima na migonjwa, na kuandika tarehe. Nawaomba mabwana shamba wairudishe hesabu hiyo kwa wakulima kwa Kirundi na Kiswahili, isibaki katika makabati. Na mkulima aliyesimama mbele ya mgomba wake asubuhi ile, akiuliza ning'oe mingapi na nitazame hadi wapi, apewe jibu lake kwa ufupi: kama ni majani yaliyobanana, ng'oa kichaka kizima, kama ni mnyauko, kata shina gonjwa kwa panga lililopitishwa motoni, tazama hatua thelathini kila upande, mjulishe jirani, usipokee chipukizi usilojua litokako. Mgomba mmoja mgonjwa ukikosa kuzaa mgonjwa wa pili, maradhi hayana budi kuisha.